Simu ya Mtani

Mwanangu Kabula,

Mama yako amekwisha kukuambia yote ya safari: begi la vyeti ulipakate, usinunue mayai ya dirishani pale Katoro, ukifika Runzewe upige simu kabla hujapanda gari la mgodi. Hayo namwachia yeye. Mimi mayai ya Katoro nimeyala miaka yote na bado nipo, kwa hiyo ushauri wangu hapo hauna uzito.

Nakuandikia kwa sababu ameniomba nikuzuie. Aliniomba leo jioni nyuma ya nyumba, akiwa anaanua nguo zako. "Mzuie, Baba Kabula. Mimi hanisikii. Wewe atakusikia." Nikamwambia sitakuzuia, umesoma, umeomba kazi mwenyewe, umeipata bila kubebwa na mtu. Akalikunja gauni lako la bluu, akalikunjua, akalikunja tena. Kisha akasema, "Basi mwandikie. Ila uandike yote, hata ile ya makaburini." Akaingia ndani na kapu lake.

Basi naandika yote. Unakwenda kwenye mgodi uleule, kutunza seva zinazobeba vipimo vya hewa ya chini ya ardhi, kazi niliyokuwa naifanya mimi mpaka mjomba wako Masanja alipofia kule. Tangu utotoni umejua kwamba mjomba aliuawa na hewa mbaya, na kwamba baba yako aliacha kazi baada ya hapo. Umejua pia kwamba lilikuja sasisho la programu lenye kasoro. Yote hayo ni kweli. Lakini kuna kipande hatujawahi kukuambia, na wewe kesho unakwenda kukaa kwenye kiti ambacho kipande hicho kilitokea. Naogopa, Kabula. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu mdomoni ningelizungusha.

Wiki hii, tukiwa dukani Kalangalala, uliniuliza swali. Nilikuwa nimefungua simu ya mteja, wewe unanishikia tochi. Ukasema, "Baba, skrini ikisema mambo ni mazuri na mtu akisema ni mabaya, unamwamini nani?" Nikajifanya natafuta bisibisi. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi, na uliiona. Hukuniuliza tena. Umerithi kwa mama yako hiyo tabia ya kuuliza mara moja na kunyamaza, na mimi inanitesa kuliko kelele.

Mambo ya seva wewe unayajua kunipita, lakini acha niyaseme kama nilivyomweleza mama yako zamani, maana kwa maneno yale ndiyo nilivyokuja kuelewa kosa langu mwenyewe. Nilimwambia: tuna nyumba nne za kupangisha. Hizo ndizo seva. Ndani ya kila nyumba wamo wapangaji, nao ni mashine pepe, mashine zisizoshikika ila zinafanya kazi kama za kweli: mmoja anatunza mishahara, mwingine kamera za getini, mwingine anapokea namba za gesi kutoka chini na kuzipeleka kwenye skrini ya chumba cha uangalizi. Nyumba ikitaka ukarabati, humfukuzi mtu. Unawahamishia wapangaji kwa majirani, unakarabati nyumba ikiwa tupu, unawasha, unakagua, unawarudisha. Kisha unakwenda nyumba ya pili. Mama yako akauliza, "Na wapangaji wanajua kama wamehamishwa?" Nikamwambia kwa majivuno, hawajui, hata usingizini hawaamki. Akasema, "Hata akifa huko alikohamishiwa, utajuaje?" Nikamcheka. Nilikuwa mtu wa kucheka sana, Kabula. Wewe ulipopata akili ulinikuta nimekwisha.

Mjomba Masanja nilimpeleka mgodini mimi. Alikuwa akichimba kwenye maduara ya wachimbaji wadogo, yale mashimo ya kamba na magogo, na mama yako alikuwa halali vizuri kila mvua ikinyesha. Nikamfuata Masanja, nikamkuta amekaa kwenye kifusi anakula muwa, mwili mzima mweupe kwa vumbi. Nikamwambia aache, nitamwombea nafasi mgodi mkubwa. Akaniuliza, "Shemeji, kule hewa mnaipimaje? Sisi tunashusha mshumaa. Ukizimika, hatushuki." Nikamwambia kule inapimwa kwa kompyuta, na kompyuta yenyewe iko mikononi mwangu. Akatupa ganda la muwa, akasema, "Kama ni wewe, nakuja." Nimeyakumbuka maneno hayo manne mara nyingi kuliko jina langu.

Sasa Salumu. Wewe utamkuta ni mkuu wa chumba cha uangalizi, mtu mzima mwenye mvi, mkali. Wakati ule alikuwa kijana wa Kizaramo aliyekuja huku kutafuta maisha, anakaa mbele ya zile skrini, na alikuwa mtani wangu wa kweli. Sisi Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu mababu, hatuhitaji kutambulishwa. Siku ya kwanza tu aliponisikia naongea aliniita mchunga ng'ombe, nami nikamwambia arudi pwani akauze shamba lililobaki acheze ngoma. Tangu hapo ikawa hivyo asubuhi mpaka jioni. Ananiibia michembe yangu, vile viazi vikavu ninavyotumiwa na bibi yako, namfichia kiatu chake kimoja wakati yuko msikitini, anarudi pekupeku ananitukana kwa furaha.

Na tulikuwa na mchezo wetu mmoja. Kila nilipokuwa nasasisha seva, Salumu alikuwa lazima anipigie simu kutoka chumba cha uangalizi. "Msukuma, seva zimekufa zote. Leta ng'ombe wa matanga." Mara ya kwanza nilitoka mbio na ndala moja, nikavuka uwanja wote wa magari, nikafika nahema kama mbwa, nikakuta skrini zote ziko sawa na yeye anatafuna michembe yangu. Chumba kizima kiliangua kicheko. Baada ya hapo sikukimbia tena. Akipiga, natazama taa za seva kwenye skrini yangu, namjibu, "Zote kijani, Mzaramo. Kalale." Ikawa kama salamu yetu. Hata wakubwa walituzoea. Ukisikia simu inalia siku ya kusasisha, watu wanaanza kucheka kabla sijapokea.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida, jua kali, mchana. Lilikuwa limekuja sasisho jipya, kubwa kidogo kuliko yale ya kila siku. Utaratibu niliuandika mimi mwenyewe, na nadhani bado wanao kule: seva ikishasasishwa ibebe mzigo zamu nzima kabla hujagusa ya pili. Niliuandika kwa sababu seva mpya ikiwa tupu huonekana nzima hata kama ni mgonjwa. Ugonjwa unajulikana ikibeba.

Nilihamisha wapangaji wa seva ya kwanza, nikaisasisha, nikaiwasha. Ikaamka vizuri. Kijani. Nikawarudisha wachache. Kijani. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu watu hudhani kosa kubwa huja na sababu kubwa. Hakuna aliyenikimbiza. Hakuna bosi aliyesimama mgongoni kwangu. Sikuwa na safari wala harusi. Kazi ilikuwa inakwenda vizuri tu, na mimi nilipenda sana kazi inayokwenda vizuri. Nilikuwa kama mtu anayeteremka mlima na baiskeli, kushika breki naona kama uchoyo. Nikahamisha wapangaji wa seva ya pili nikawarundika kwenye ile ya kwanza, pamoja na yule wa namba za gesi, nikaanza kusasisha ya pili.

Huko chini walikuwa wamelipua baruti. Baada ya mlipuko hewa hujaa moshi na gesi, feni zinapuliza, na hakuna anayeruhusiwa kurudi mpaka namba za gesi zipande, kisha zishuke, kisha zitulie. Kikosi cha kwanza kurudi kilikuwa cha Masanja. Walikuwa mdomoni mwa njia ya kushukia, wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, wanangoja ruhusa ya Salumu. Zamani mtu wa mbele alikuwa anashika kipimo cha mkononi. Kilikuwa kimewekwa kabatini kwa kuwa skrini haikuwahi kukosea. Hiyo nayo ilikuwa sifa yangu.

Simu ikalia. Vijana wawili niliokuwa nao ofisini wakaanza kucheka kabla sijaishika.

"Msukuma," Salumu akasema, "namba zangu za gesi hazichezi. Baruti imelia, zilipaswa zipande kwanza. Zimetulia tuli. Simamisha hicho unachofanya."

Nikatazama skrini yangu. Zote kijani. Nikasema, kwa sauti ile ya kuwafurahisha wale vijana, "Zote kijani, Mzaramo. Njaa imekushika. Kalale."

"Msukuma, sikiliza..."

"Zote kijani, bwana! Kama kuna msiba leta ubani, tuje tuzike!"

Na yeye akacheka. Kidogo tu, puani, lakini alicheka, nilimsikia. Akakata simu. Miaka yote hii, mwanangu, katika mambo yote ya siku ile, hicho kicheko chake ndicho kinachoniamsha. Hakucheka kwa sababu aliona kichekesho. Alicheka kwa sababu mtani akikutupia neno huwezi kukaa kimya, ni kama kukataa mkono wa salamu. Na alipokwisha kucheka, nadhani alijiona mwoga. Fundi mwenyewe amesema kijani, yeye ni nani? Akawapa ruhusa.

King'ora kilipolia nilikuwa nimeanza seva ya tatu.

Wenzake Masanja wawili waliburutwa wakatoka wakiwa hai. Yeye alikuwa mbele, ndiyo tabia yake. Kilichotokea kwenye seva walikuja kukieleza wataalamu: sasisho lile lilikuwa na kasoro, seva ikibeba mzigo mzito inapotezana na diski zake, na yule mpangaji wa namba za gesi akaganda palepale alipokuwa. Skrini ya Salumu ikaendelea kuonyesha namba za mwisho alizozipokea, za kabla ya baruti, za hewa safi. Na skrini yangu ilisema kijani kwa sababu kijani yangu ilikuwa inajua jambo moja tu: nyumba ina taa. Haikuwahi kujua kama mpangaji anapumua. Mama yako aliliuliza hilo jikoni akiwa anachambua mchele, na mimi nikacheka.

Uchunguzi ulifanyika. Waliuliza kama kulikuwa na dalili yoyote kabla. Mimi nilikuwa nimekaa upande huu wa meza, Salumu upande ule. Akanitazama. Nikatazama mikono yangu. Akangoja, nadhani aliningoja mimi nianze, na mimi sikuanza, naye akasema hapana, hakukuwa na dalili. Wakaandika kwamba kasoro ilikuwa ya programu. Nikapewa pole kama mfiwa wa kawaida.

Tulimzika Masanja kwao, upande wa Isaka. Ulikuwa mdogo, hujaanza hata shule, na nadhani unachokumbuka ni yale malori marefu ya kwenda nje yaliyokuwa yanatupita barabarani. Basi la mgodi lilileta watu, na Salumu alikuwemo. Nilimwona anashuka, nikatamani ardhi inifiche.

Kaburini, jeneza likiwa limewekwa pembeni, mzee mmoja wa ukoo akauliza, "Watani wako wapi? Mbona msiba umepoa hivi?" Watu wakamsukuma Salumu mbele. Unajua mtani msibani hana adabu, na hapaswi kuwa nayo. Akaingia kaburini, akalala, akakunja mikono, akasema hamzikwi mtu humu mpaka alete mbuzi, maana Msukuma huyu amekufa na deni lake la kumwita yeye mvivu. Watu wakaanza kutabasamu. Akatoka, akachukua kofia ngumu ya marehemu, akaivaa, akatembea kama Masanja, ule mwendo wake wa bega moja juu. Mkewe Masanja, aliyekuwa analia tangu juzi yake, akacheka mpaka akashikilia mbavu. Ndiyo maana watani wanaletwa.

Kisha Salumu akaweka mkono sikioni kama mtu mwenye simu. Akauliza kwa sauti yake mwenyewe, "Haloo, vipi huko, hewa ikoje?" Akageuka upande wa pili, akabadilisha sauti. Ilikuwa sauti yangu. Ule usemi wangu wa haraka, zile herufi ninazozipoteza, kila kitu. "Zote kijani, Mzaramo! Njaa imekushika! Kalale!" Akageuka tena: "Sikiliza..." Akageuka: "Zote kijani, bwana! Leta ubani, tuje tuzike!"

Watu walicheka sana. Walijua ndivyo tunavyotaniana, walidhani ni hivyo tu. Wazee walicheka, wale vijana wa mgodini walicheka, na wewe ulicheka, umekaa mapajani kwa mama yako, ulipiga makofi. Salumu alikuwa ananitazama mimi na machozi yanamtoka, na watu wakaona ni machozi ya kicheko. Alisema mbele ya kaburi lililo wazi yale ambayo sote wawili tulishindwa kuyasema mezani. Hakunishitaki kwa mtu. Alinirudishia maneno yangu.

Tuliporudi, pale njia panda ya Isaka basi lilisimama kupisha malori. Mama yako akasema bila kunigeukia, "Ile sauti ya simu ilikuwa yako."

"Ndiyo."

"Alikupigia."

"Alinipigia."

Akakuhamisha kutoka goti moja kwenda jingine. Tangu siku hiyo hakunitajia tena mpaka leo jioni aliposema "hata ile ya makaburini." Hakuniacha. Alipika, alifua, aliniuguza nilipougua, tulizungumza habari zako, tukakulea. Kama alinisamehe sijui. Sijawahi kumwuliza, na ni woga tu.

Niliacha kazi mwezi uleule. Watu walisema ni huzuni ya shemeji, nikawaacha waseme. Nikafungua duka letu, nikaanza kutengeneza vitu ambavyo vikiharibika havimuui mtu. Nilijiambia ni unyenyekevu. Sasa naona nilikimbia tu, na kiti nilichokiacha wakakikalia wengine ambao hawakujua kilichotokea, kwa sababu mimi niliyejua nilikuwa Kalangalala nabadilisha vioo vya simu. Hilo ni kosa la pili, na pengine ndilo kubwa. Ningebaki ningeweza kuwaambia. Kile kipimo cha mkononi pengine kingetoka kabatini mapema zaidi.

Turudi kwenye swali lako. Umwamini nani? Kabula, sijui. Ningekuwa najua ningekujibu palepale dukani. Ningesema umwamini mtu, lakini Salumu alinidanganya mara nyingi kuliko seva. Seva zilinidanganya siku moja tu. Ninachokijua ni kidogo na nimekipata kwa bei mbaya. Siku ile hapakuwa na haja ya kumwamini yeyote. Palikuwa na nafasi ya kuuliza, "Unatania?" Basi. Angesema hapana, ningeinua mkono kutoka kwenye kibodi, Salumu angewaambia wale watu wakae kwenye ndoo zao, na kama ingekuwa uongo tungecheka wote na ningekula aibu ya ndala moja kwa mara nyingine. Niliogopa aibu hiyo ndogo. Kusimamisha kazi kwa bure kunaudhi, watu watakuita mwoga, bosi atakunja uso, utajiona mjinga. Yote hayo yanapita ifikapo jioni. Nimeishi na lile jingine, na halipiti.

Na kuhusu mikono yako: najua una mikono mizuri, umenishinda zamani. Nilikuona mwaka jana ulivyozihamisha zile mashine za chuo bila hata moja kuzimika, umekaa kitandani unatafuna karanga. Nilijisikia fahari na nikaogopa kwa wakati mmoja. Nilikuwa hivyohivyo. Siku kazi itakapokwenda vizuri mno, seva ya kwanza ikiwa kijani na mkono unakuwasha kuigusa ya pili, huo mkono ni wangu. Ushike.

Sasa jambo la mwisho, nililoliogopa kuliko yote. Leo mchana, baada ya kufunga duka, nilimpigia Salumu. Tangu lile kaburi hatujataniana. Tumekutana kwenye misiba na harusi, tunapeana mkono, habari, nzuri, kama watu waliokutana benki. Kwa watani huo ni ugonjwa, na watu wameuona wakashindwa kuuliza. Alipokea kabla simu haijalia mara ya pili.

"Salumu, ni mimi."

"Najua ni wewe. Namba sijaifuta."

"Binti yangu anakuja kesho."

"Nimeliona jina."

Nikangoja. Nilitamani aniambie chochote, hata aniite mchunga ng'ombe. Nilikuwa nimeandaa la kumjibu, kama mjinga, la mashamba na ngoma, lilelile la zamani. Akasema, "Sitamtania."

"Ni mtani wako," nikamwambia.

"Mama yake mtani wangu. Mjomba wake alikuwa mtani wangu, nimelala kwenye kaburi lake. Najua. Lakini huyu sitamtania hata siku moja. Mwambie. Nikimpigia simu ajue nampigia. Asicheke."

Nikasema, "Na wewe usicheke."

Nikasikia anasukuma kiti, anasimama.

"Sitacheka," akasema.

Kwa hiyo ukifika, mpe shikamoo yake, upokee marahaba, na usingoje zaidi. Utaona wenzako wanachekeshwa naye na wewe anakupita kama ukuta, na itakuuma, maana utani ni undugu na yeye ni ndugu yako. Usimwone mbaya. Amekunyima hicho ili neno lake likifika kwako lifike kavu. Ukitaka kumwuliza lolote la siku ile, mwulize, umwambie nimekuandikia yote.

Sikuzuii. Mama yako atalia kituoni na mimi nitajifanya nahangaika na begi lako. Nenda.

Nakuomba kitu kimoja tu, na si cha kesho. Siku yangu ikifika, mpigie Salumu yeye kwanza. Hapo utani utakuwa halali tena. Atalala kaburini atake mbuzi; mpeni. Atatembea kama mimi. Kisha ataweka mkono sikioni, na mtaisikia sauti yangu, na watu watacheka kama inavyotakiwa, na mama yako atainamisha kichwa. Akifika pale anaposema "sikiliza," nami namkatiza, wewe simama, uwanyamazishe watu, umwambie aendelee. Nilimkatiza. Mwache amalize.

Baba yako